Kifaranga ametoboa, lakini hatoki

Mayai yangu ya kuku huyaandika namba kwa penseli kabla ya kuyapanga kwenye mashine ya kuangulia vifaranga. Penseli, si wino, kwa sababu ganda la yai limejaa vitundu vidogo maelfu ambavyo kifaranga hupumulia, na chochote unachokipaka nje kinaweza kupenya ndani. Namba ndizo zinazoniwezesha kuweka daftari: lipi limetobolewa saa ngapi, lipi limeanza kukatwa, yupi ametoka. Daftari la kwanza limejaa, la pili limefika katikati. Katika lile la kwanza, ukurasa wa nne, kuna mstari nilioandika mkono ukitetemeka: "Namba 9. Nimemuua mimi."

Nimelitoa tena daftari hilo wiki iliyopita, baada ya simu ya binti wa kaka yangu. Ilikuwa saa tano usiku, na salamu yenyewe aliitoa mbio mbio.

"Shikamoo shangazi. Samahani nimekuamsha. Kuna mmoja ametoboa tangu asubuhi, hatoki. Analia. Nimvunjie?"

"Marahaba. Usimvunjie kitu kwanza. Ametoboa saa ngapi hasa?"

"Saa tatu asubuhi hakuwepo. Saa nne nilipopita nikamkuta."

"Katoboa upande mnene au mwembamba?"

"Mnene."

"Na ile ngozi ya ndani, pale kwenye kitobo, ina rangi gani? Usifungue mashine. Mulika tochi juu ya kioo."

Akakaa kimya muda. "Nyeupe. Hapana, inang'aa, ina majimaji. Namuona mdomo unafunguka na kufumba, kama anatafuna."

Nikamwambia azime tochi, aache kuchungulia, akalale. Alikasirika, nilisikia kwenye pumzi yake. Simlaumu. Kusikia kiumbe kinalia ndani ya ganda halafu ukaambiwa ukalale ni kama kuambiwa ufunge moyo. Lakini nilikuwa namwambia kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa na mtu wa kuniambia siku ya namba 9.

Hilo lilikuwa kundi langu la pili, mayai 24, mashine ndogo yenye feni. Siku ya 21 ilipofika jioni, vifaranga 13 walikuwa wameshatoka, wamekauka, wanagongana kwenye kioo. Namba 9 alitoboa saa sita mchana. Saa moja jioni kitobo chake kilikuwa vile vile, hakijaongezeka hata upana wa kucha. Wenzake walikuwa wanalikanyaga yai lake, linabingirika huku na huko, naye analia. Nikaona huyu amechoka, namuacha afe nikimtazama? Nikachukua kibano, nikalitoa yai, nikaanza kubandua ganda vipande vipande.

Kipande cha kwanza kilitoka vizuri. Cha pili pia. Cha tatu kilitoka pamoja na ngozi, na nyuma yake damu. Matone matatu, manne. Kwa mtu mzima hayo si kitu, lakini kifaranga mzima ana uzito wa gramu 40 hivi, pamoja na miguu na manyoya na kila kitu. Nikabana pamba. Damu ikaja upande mwingine. Hapo nikafanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza: nikaharakisha, nikidhani nikimtoa upesi nitamwokoa. Alipotoka, tumboni kwake kulikuwa kunaning'inia kiini, kifuko cha njano chenye mishipa myekundu, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Alikuwa bado hajakiingiza. Hakufika saa tatu usiku.

Alikuwa na saa saba tu tangu atoboe. Saa saba! Na mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba mayai ya kuku huanguliwa siku ya 21, nikadhani maana yake ni kwamba siku ya 21 ikiisha mlango unafungwa.

Kilichokuwa kinaendelea ndani ya yai lile nilikuja kukijua baadaye, na nikikieleza naona ndipo mtu anapoelewa kwa nini mikono inatakiwa kukaa mbali. Kwa muda mwingi wa siku zile 21, kifaranga hapumui kwa mapafu. Anapumua kwa utando wa mishipa ya damu uliotandazwa ndani ya ganda lote, kama mizizi. Hewa inaingia kwa vile vitundu, damu inaichukua, inaipeleka kwake. Karibu na siku ya 19 au ya 20 anakuwa mkubwa mno, hewa ya vitundu haimtoshi tena. Kichwa chake kipo chini ya bawa la kulia, mdomo umeelekea upande mnene, ambako kuna mfuko wa hewa. Anausukuma mdomo, anatoboa utando unaomtenga na mfuko huo, na anavuta pumzi ya kwanza ya maisha yake. Kwa nje huoni kitu. Ila ukiliweka yai sikioni unamsikia, kisauti kimoja, halafu kimya, halafu kingine. Mimi hadi leo nikikisikia kisauti hicho naita watu.

Hewa ya mfuko ule nayo si nyingi. Anaivuta, anairudisha ikiwa chafu, na kadiri inavyochafuka shingo yake inaanza kushtuka na kujirusha. Nyuma ya shingo kuna msuli uliokua kwa ajili ya kazi hii, na juu ya mdomo kuna kijino kigumu cheupe ambacho kitadondoka chenyewe siku chache baadaye. Shingo inajirusha, kijino kinagonga, ganda linapasuka. Hicho ndicho kitobo unachokiona, na hapo ndipo wengi tunapoanza kuhesabu muda kama vile mbio zimeanza.

Sasa yeye anapumzika. Saa 12, saa 18, mara nyingine saa 24, na kwa macho ya mtu asiyejua anaonekana amekwama. Kumbe ndani kazi inaendelea: mapafu yanashika zamu, damu iliyokuwa kwenye ule utando inarudi mwilini mwake kidogo kidogo, mishipa ya gandani inasinyaa, na kiini kilichobaki kinavutwa kuingia tumboni kupitia kitovu. Kiini hicho ndicho chakula chake cha siku mbili za mwanzo, hata tatu. Ndiyo maana kifaranga aliyetoka hana haja ya kukimbizwa kwenye chakula, na ndiyo maana vifaranga wa siku moja wanaweza kusafirishwa mbali wakafika wazima. Ukimfungua kabla kazi hiyo haijaisha, unakata mishipa ambayo bado ina damu na unamtoa na tumbo lililo wazi. Ule mdomo unaofunguka na kufumba kama anatafuna, alioniambia binti wa kaka yangu, kwa uzoefu wangu ni wa kifaranga ambaye bado anamalizia kiini chake. Nikiuona sigusi.

Akishamaliza ndipo anaanza kukata. Anajizungusha, anagonga, anajizungusha tena, kinyume na mishale ya saa ukimtazama kutoka upande mnene, mpaka ganda linakuwa na mstari kuzunguka kama kifuniko. Sehemu hii huenda haraka, mara nyingi chini ya saa moja, ingawa wapo wanaochukua saa kadhaa. Halafu anasukuma kwa miguu, kifuniko kinaachia, naye analala pale kama kitambaa kilicholowa. Usimwonee huruma. Kesho atakuwa pamba inayokimbia.

Baada ya namba 9 nilijiapiza: sitamgusa tena kifaranga yeyote. Wafugaji wengi wana sheria hiyo, na wanaifundisha kwa nguvu: asiyeweza kutoka mwenyewe ni dhaifu, mwache. Niliishika sheria hiyo kwa makundi mawili na nilijisikia salama ndani yake, kwa sababu sheria ya namna hiyo inakuondolea mzigo wa kutazama.

Halafu ikaja namba 22.

Alitoboa upande mnene, vizuri, mapema, siku ya 20 usiku. Kesho yake wenzake wakaanza kutoka, nami nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilifungua mashine kila mara. Nilitoa waliokauka, nilitoa maganda, nilimwonyesha mwanangu, nilimpigia picha mmoja mwenye madoa. Mara sita, nilikuja kuhesabu. Kila unapofungua, ule unyevu wa mle ndani unatoka kwa sekunde chache na huchukua muda kurudi. Yai ambalo halijatobolewa linastahimili. Yai lenye kitobo halistahimili, kwa sababu utando ulio wazi unakauka, na utando ukikauka unasinyaa, na ukisinyaa unambana kifaranga kama kitambaa kilichofungwa mwili mzima. Hawezi kuzungusha kichwa. Hawezi kuendelea kukata. Anabaki na kitobo kile kile, analia, kisha analia polepole.

Nilimwacha. Sheria ni sheria. Saa 24 zikapita, zikafika 30. Saa 31 sikumsikia tena.

Nikalifungua yai mchana ule mezani, nikitarajia kuona kasoro fulani itakayonituliza. Sikuiona. Kifaranga alikuwa kamili. Kiini kilikuwa kimeingia chote, kitovu kimefunga, hapakuwa na mshipa hata mmoja wenye damu. Utando ulikuwa wa rangi ya manjano iliyoelekea kahawia, mkavu kama karatasi ya zamani, umegandamana na manyoya. Alihitaji mtu mmoja mwenye kijiti cha pamba kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu. Huyo hakuwa dhaifu. Aliyemkausha ni mimi, kwa kufungua mlango mara sita, kisha nikakaa pembeni nikasubiri athibitishe udhaifu wake.

Kwa hiyo neno "dhaifu" silitumii tena kirahisi. Wapo kweli wasio na nguvu, na ukiwatoa hawasimami, unawazika baada ya siku mbili. Lakini wengi niliowakuta wamekwama, sababu yao ilianzia kwangu au kwenye mashine, siku nyingi kabla ya kitobo.

Mama mkwe wangu, ambaye amefuga kuku wa kuatamia maisha yake yote na hajawahi kumiliki mashine, alinisikiliza nikimsimulia habari za namba 22, akasema, "Mwanangu, kuku akiatamia hainuki siku hiyo. Hata umsogezee maji, hainuki." Basi. Hakuongeza neno. Na ni kweli: tetea mzuri siku ya kuangua anatulia, anazungumza na mayai yake kwa sauti ya chini kabisa, nayo yanamjibu, na unyevu wa chini ya tumbo lake haumtoroki. Mama huyu huyu ndiye aliyenionyesha namna ya kupima joto la yai kwa kuliweka juu ya kope ya jicho lililofumba. Baadaye nikajua kwamba Misri, ambako watu wameangua mayai kwenye matanuri kwa zaidi ya miaka 2,000, waangalizi wa matanuri hayo walipima kwa kope vile vile. Nilimwambia. Alifurahi sana, akasema, "Basi wanajua kazi."

Mashine haina kope, ina namba kwenye kioo, na namba hizo hudanganya. Yangu ilikuwa inasoma juu kwa karibu digrii moja. Niligundua kwa kuchukua kipimajoto cha homa, ambacho kimetengenezwa kupima vizuri pale pale karibu na 37 au 38, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu pamoja na kile cha mashine. Kwa mashine yenye feni lengo ni 37.5. Isiyo na feni joto lake halilingani juu na chini, kwa hiyo unapima usawa wa sehemu ya juu ya mayai na kuliacha lifike 38.5 hivi. Joto likipungua kidogo kwa siku zote, vifaranga wanachelewa hadi siku ya 22 au ya 23, na mtu asiyejua anaanza kuvunja mayai ambayo hayajafika. Likizidi, wanatoka mapema, vitovu havijafunga.

Unyevu nao. Yai linatakiwa kupoteza maji wakati wa kuatamiwa, na kadiri linavyopoteza ndivyo mfuko wa hewa unavyokua. Unyevu ukizidi siku 18 za kwanza, maji hayatoki, mfuko wa hewa unabaki mdogo, kifaranga anakuwa mnene amejaa ganda zima, na akitoboa utando anakutana na majimaji badala ya hewa. Anazama ndani ya yai lake. Ukipungua mno, kinyume chake. Mimi naweka kati ya asilimia 45 na 50 mpaka siku ya 18, kisha naacha kuyageuza mayai, na unyevu naupandisha hadi 65 au 70. Lakini kipima unyevu nacho kinadanganya, kwa hiyo siku hizi napima mayai kwenye mizani. Lililoanza na gramu 58 nataka nilikute na gramu 51 hivi siku ya 18, yaani limepungua kama asilimia 12. Nikilimulika, mfuko wa hewa uwe umechukua karibu theluthi ya yai. Tangu nianze mizani, waliokwama wamepungua mno. Ningechagua kati ya kuwafundisha watu kutoa vifaranga na kuwafundisha kupima mayai, ningefundisha mizani.

Sasa namba 14.

Huyu alitoboa siku ya 21, saa mbili asubuhi, upande mwembamba. Mwanangu ndiye aliyemuona. "Mama, huyu kaja na chini." Alikuwa amekaa kichwa chini miguu juu. Upande mwembamba hauna mfuko wa hewa, kwa hiyo kifaranga wa namna hii hapiti ile hatua ya kwanza ya kupumua kwa utulivu. Anatoka kwenye mishipa moja kwa moja hadi hewa ya nje. Wapo wanaotoka wenyewe salama, nimewaona wawili. Ila akikwama, hana nafasi ya kujizungusha. Na mishipa upande ule ni mingi, inachelewa kukauka. Ndiyo maana yai la namna hii linataka subira kuliko jingine lolote, ingawa linatisha kuliko jingine lolote.

Siku ile sikufanya kitu zaidi ya kuhakikisha tundu lake la kupumulia liko wazi na mdomo unaonekana. Mashine sikuifungua. Waliotoka walikaa humo humo mpaka usiku, na walikuwa wazima, maana kiini bado kiliwashibisha.

Saa tatu asubuhi ya pili, saa 25 tangu atoboe, tundu halikuwa limeongezeka. Ule utando pembeni ulikuwa umeanza kugeuka mweupe kama karatasi. Sauti ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa ile ya kuitikia wenzake. Ilikuwa moja, ndefu, inarudi kila baada ya muda. Hapo niliamua.

Chumba nilikifunga, nikaweka beseni la maji ya moto ili mvuke ujae. Taulo dogo lenye joto, tochi, vijiti vya pamba, maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kibano, kucha nimekata. Nilitoa namba 14 peke yake na kufunga mashine haraka. Kutoka kwenye lile tundu nilibandua ganda tu, upana wa ukucha wa kidole kidogo, utando nikauacha. Kisha nikagusa utando kwa pamba yenye maji. Ukilowa unakuwa kama kioo, na ukimulika unaona kilicho nyuma. Maji yasikaribie pua. Tone moja linatosha kumziba.

Niliona mishipa. Miekundu, mitatu, imejaa. Nikamfunga kwa kitambaa kilicholoweshwa, nikaacha mdomo nje, nikamrudisha. Kazi yote dakika nne.

Mwanangu aliuliza, "Mbona hujamtoa?"

"Damu yake bado iko nje yake."

Akafikiri. "Tutajuaje imeingia?"

"Tutaiangalia."

Ninachotaka kusema kwa mtu yeyote aliyeketi mbele ya yai lililotobolewa ni kile kile nilichomwambia mwanangu. Saa inakuambia lini uangalie. Damu ndiyo inayokuambia kama uendelee. Saa 24 zimefika na mishipa ni miekundu: rudisha. Saa 20 tu zimefika lakini utando umekauka kahawia na hakuna mshipa wenye damu: lowesha, msaidie.

Saa tisa alasiri nilimtoa tena. Mishipa miwili ilikuwa imefifia, mmoja bado. Nililowesha, nikabandua ganda kidogo zaidi upande usio na mshipa, nikarudisha. Nilitamani sana kuendelea. Tayari nilikuwa namuona jicho.

Saa mbili usiku mshipa wa tatu ulikuwa kiuzi cheusi chembamba, kisicho na damu ndani. Nilibandua ganda kuzunguka, kama ambavyo yeye mwenyewe angekata, na utando nikauvuta nyuma kwa pamba pole pole. Palipotoka rangi nyekundu hata kidogo nilisimama na kubana kwa pamba kavu, nikahesabu mpaka mia moja. Ilitokea mara moja tu. Kichwa kilikuwa kimebanwa kati ya miguu, si chini ya bawa. Nilikiinua kwa ncha ya kidole. Shingo ilinyooka, akapiga kelele moja ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwa kifaranga, mwanangu akashika mkono wangu.

Na hapo ndipo niliposimama. Ilikuwa saa tano kasoro usiku. Kichwa na shingo viko nje, mwili bado umekaa ndani ya nusu ya ganda, na nusu hiyo sikuigusa. Kwa sababu sikuweza kuona kitovu. Nilijua kinachoweza kuwa bado kinamalizika pale chini, na nilijua pia kwamba kule kusukuma kwa miguu ni kazi anayohitaji kuifanya. Nilimlaza mashineni juu ya kitambaa, peke yake kwenye kona, nimemkinga kwa bakuli ndogo la plastiki lililotobolewa ili wenzake wasimkanyage.

Mwanangu hakutaka kwenda kulala. Tukatandika mkeka pale pale. Saa saba usiku aliamka akauliza, nikamwambia bado. Saa tisa nilichungulia: amelala, kifua kinapanda na kushuka, ganda liko palepale. Nilikuwa na kila sababu ya kumvuta, ni sekunde mbili tu, na hakuna ambaye angejua. Nilikalia mikono yangu, namaanisha niliiweka chini ya mapaja nikaikalia, mpaka usingizi ukanichukua.

Nilichoamkia ni sauti ya ganda likigonga plastiki. Mwandiko ulio kwenye daftari la pili, ukurasa wa kumi na moja, ni wa mwanangu, nilimwacha aandike mwenyewe: "Namba 14. Saa 11:40 alfajiri. Amelisukuma kwa miguu. Kitovu kimefunga. Hana damu."